Karatasi ya Kiingereza Ikifika Kikundini

Haya ni maneno ya mwalimu mmoja mstaafu aliyoyatoa mjini Isiolo mbele ya viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, kwa sababu wengi walioshindwa kufika waliomba wayasome.

Asanteni kwa kuja. Merti si hapa karibu, na wale wa Oldonyiro najua mmeamka nyota zikiwa bado juu. Kwa hiyo sitazunguka sana.

Nimeombwa niongee juu ya Kiingereza. Mwenyekiti aliponiambia nilidhani anataka niwafundishe salamu, good morning na nini, nini. Akasema, hapana mwalimu, watu wetu wanaumia kwa karatasi. Karatasi inakuja kwa Kiingereza, inasomwa haraka, watu wanaweka kidole, halafu baada ya mwaka mmoja kilio. Nikamwambia, hayo nayajua. Nayajua kuliko unavyofikiri.

Basi nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita kulikuwa na kikundi cha akina mama, wanachama 18. Sitakitaja jina. Walitaka kununua mbuzi, wawanenepeshe, wawauze mjini. Wakapata mtu wa kuwakopesha, huyo pia simtaji. Akaja na makubaliano ya kurasa nne, yote Kiingereza. Nikaitwa mimi, kwa sababu mimi ni mwalimu. Tukakaa chini ya mti, akina mama wamezunguka, mimi katikati na miwani yangu.

Ukurasa wa kwanza nikasoma vizuri. Wa pili vizuri. Kufika wa tatu nikakutana na maneno haya: "jointly and severally". Hilo la kwanza nililijua, maana yake ni kwa pamoja. Hilo la pili sikulijua. Nililigeuza kichwani, nikaona halikai. Nikainua macho. Akina mama wote wananitazama. Mwalimu ananyamaza? Nikaona haya. Nikasema, "Hapa wanasema mtashirikiana vizuri." Wakacheka, wakapiga makofi, wakaweka vidole.

Sasa mniruhusu niwaambie maana yake. Maana yake ni kwamba deni ni la wote kwa pamoja, na tena ni la kila mmoja peke yake. Mwenye pesa akitaka anaweza kuwaacha 17 na kumfuata mmoja tu kwa deni lote.

Kiangazi kikaja. Mbuzi wakafa. Wengine wakashindwa kulipa, wengine wakahama na mifugo wakaenda kusikojulikana. Yule mkopeshaji hakuwatafuta porini. Alikwenda kwa mama mmoja aliyekaa karibu na barabara, mwenye boma la kuonekana, ambaye sehemu yake alikuwa amelipa mpaka shilingi ya mwisho. Ng'ombe watatu wakaondoka. Mama yule alikuja kwangu akaniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, siku ile ulituambia nini?" Hakugombana. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimu vizuri, na salamu hiyo inanichoma kuliko matusi.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Shida haikuwa kwamba sikujua neno. Hakuna mtu anayejua maneno yote, hata mawakili wanafungua vitabu. Shida ilikuwa haya. Niliona ni afadhali wanawake 18 waingie shimoni kuliko wajue kwamba mwalimu hajui neno moja la Kiingereza.

Na haya hiyo tuliifundishwa. Wale wa umri wangu mnakumbuka kile kibao. Ukisema lugha ya mama yako shuleni unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako naye amesema, unampa yeye. Jioni aliye nacho anachapwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, aliandika kwamba kwao pia ilikuwa hivyo. Mtoto alijifunza mambo mawili kwa siku moja: kwamba Kiborana au Kiturkana ni kosa, na kwamba rafiki yako ni mtu wa kushtakiwa. Mtu wa namna hiyo akikua, ukimwekea karatasi ya Kiingereza mbele yake, hataki kuuliza. Anatingisha kichwa.

Lakini hebu tukiangalie hiki Kiingereza chenyewe, kimetoka wapi. Kuna habari moja ambayo shuleni hatukuambiwa, nami niliisoma nikiwa mtu mzima.

Waingereza wenyewe waliwahi kuhukumiwa kwa lugha wasiyoijua. Mwaka wa 1066 nchi yao ilishindwa vitani na watu kutoka Normandy, upande wa Ufaransa. Wakubwa wapya walisema Kifaransa, na baadaye kazi ya kortini ikawa inaendeshwa kwa Kifaransa, maandishi kwa Kilatini. Mkulima Mwingereza anashtakiwa kwa habari ya shamba lake, anasimama pale, watu wanabishana juu ya kichwa chake, yeye haelewi kitu. Alikuwa kama sisi tu. Hali hiyo ilikaa karibu miaka 300. Mwaka wa 1362, wakati wa mfalme Edward wa Tatu, ndipo sheria ikatoka kwamba kesi zijibiwe kwa Kiingereza, na sababu waliyoiandika ni kwamba Kifaransa hakijulikani na watu. Na mjue sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Hata hivyo maandishi ya korti yaliendelea na Kilatini, mpaka mwaka wa 1733 ndipo kikaondolewa kabisa.

Kwa hiyo ukimwambia mtu, "Nisomee karatasi hii kwa lugha ninayoifahamu," usifikiri unasema neno la mtu mshamba. Unasema neno ambalo Waingereza walilitungia sheria.

Tena habari hiyo inatueleza kwa nini Kiingereza cha mikataba ni kigumu hivyo. Kimebeba Kifaransa kile cha zamani na Kilatini ndani yake. Utakuta jambo moja linasemwa mara mbili, neno la Kiingereza na neno la Kifaransa limefungwa pamoja. Kwa mfano wanasema "goods and chattels". Hilo la kwanza ni la Kiingereza, maana yake mali. La pili ni la Kifaransa cha wale wa Normandy, maana yake ni mali vilevile. Na sasa sikilizeni, wafugaji. Neno hili "chattel" na neno "cattle", yaani ng'ombe, mzizi wake ni mmoja. Hata kule zamani mali ilihesabiwa kwa mifugo. Mzee hapo anacheka, anasema basi Mwingereza naye alikuwa Mborana. Sijui, lakini hapo tulikuwa karibu.

Si mzaha peke yake. Ukiona neno hilo kwenye karatasi ya mkopo, au ukiona "movable property", fungua masikio. Mwaka wa 2017 Kenya ilipitisha sheria juu ya mali inayohamishika kuwekwa dhamana, na mifugo imetajwa humo. Ni jambo zuri, kwa sababu mfugaji asiye na cheti cha shamba anaweza kukopa. Lakini maana yake ni kwamba ng'ombe wako wanaweza kuwa ndani ya karatasi ile, na wewe unafikiri wako malishoni tu.

Sasa, sikuja hapa kukitukana Kiingereza. Kijana asitoke hapa akasema mwalimu amesema tuache kusoma. Kiingereza kinasemwa na watu kama bilioni moja na nusu duniani, na wengi wao hawakuzaliwa nacho, wamejifunza kama sisi. Ndege ikipita hapa juu, rubani akitoka nchi moja na yule wa chini anayemwongoza akiwa wa nchi nyingine, wataelewana kwa Kiingereza. Hiyo ni kanuni ya dunia nzima, na marubani wanaovuka mipaka wanapimwa Kiingereza chao. Meli ni vilevile. Mhindi wa kusini na Mhindi wa kaskazini mara nyingi wanakutania hapo. Rwanda mwaka wa 2008 waliacha Kifaransa shuleni wakashika Kiingereza. Dawa ya mifugo unayonunua dukani, kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi ni Kiingereza, na humo ndimo imeandikwa ni siku ngapi ukae bila kunywa maziwa ya ng'ombe aliyedungwa. Asiyeisoma anawanywesha watoto dawa. Kwa hiyo kisomeni! Ni jembe zuri. Lakini jembe halimwamrishi mwenye shamba.

Na tusidanganywe kwamba bila Kiingereza ofisi haiwezi kufunguliwa. Tazameni majirani zetu hapa hapa. Wasomali waliamua juu ya maandishi ya lugha yao mwaka wa 1972, na karani wa serikali kule Mogadishu akatakiwa ajue kuyaandika. Ndugu zetu Waborana walio ng'ambo ya Moyale, upande wa Ethiopia, tangu mabadiliko ya mwaka wa 1991 lugha yao ya Kioromo inaandikwa kwa herufi hizi hizi tunazotumia, inafundishwa shuleni na inatumika ofisini Oromia. Yaani mama aliye Moyale ya huko anaweza kupewa barua ya serikali kwa lugha anayosema nyumbani, na dada yake aliye Moyale ya huku akapewa ya Kiingereza. Ukoo ni mmoja, kisima huenda ni kimoja. Tanzania nao, mwaka wa 2021, walibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe ndiyo lugha ya mahakama.

Sisi je? Mwaka wa 1974 Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni, mheshimiwa anaweza kusimama akakisema, lakini miswada ya sheria ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Maneno Kiswahili, karatasi Kiingereza. Hivyo ndivyo tunavyoishi hata kwa mikutano ya chifu. Mgeni anaongea Kiswahili kitamu saa mbili nzima, halafu anatoa karatasi, na kilicho kwenye karatasi si lazima kiwe ndicho alichokisema.

Lakini Katiba ya 2010 ilileta jambo ambalo wengi hawajaliweka mfukoni. Kifungu cha 7 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Zote mbili. Barua yako ya Kiswahili kwenda ofisi ya serikali ni barua rasmi. Kifungu hicho hicho kinaipa serikali kazi ya kukuza lugha za wenyeji, na lugha ya ishara, na maandishi ya wasioona. Kifungu cha 49 kinasema mtu akikamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Cha 50 kinasema ukishtakiwa na huelewi lugha ya korti, unapewa mkalimani bila kulipa. Bila kulipa! Nimesikia watu wanaomtafutia mkalimani chai. Asipewe kitu.

Kuna na sheria ya kupata habari, ya mwaka wa 2016. Hii ni ya vikundi hasa. Ukitaka kujua kwa ofisi ya umma, tuseme pesa za kisima chetu zimefika wapi, unaandika ombi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ni sawa. Na kama hujui kuandika, ofisa wa habari ana wajibu wa kukusaidia, aandike maneno yako na akupe nakala. Wanatakiwa wajibu ndani ya siku 21. Mama mmoja ananiuliza, "Na wakinifukuza?" Mama, usiende peke yako. Nenda na wenzako wawili na nakala, uombe igongwe muhuri wa siku uliyoileta.

Juu ya ardhi nitasema kidogo, ingawa ndiyo inayowasha watu hapa. Ardhi kubwa ya Isiolo ni ardhi ya jamii. Sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka wa 2016 inasema mkataba kati ya jamii na mwekezaji hauna nguvu mpaka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii waukubali, kwenye mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Ni sheria nzuri. Sasa niulize: thuluthi mbili wakiinua mikono juu ya karatasi ambayo hawakuielewa, wamekubali nini? Waliinua mikono tu. Kamati ya ardhi ina watu 7 mpaka 15, na mara nyingi wasomi ni wawili. Hao wawili ndio wanaojua, au, kama mimi siku ile, ndio wanaojifanya wanajua. Kwa hiyo kabla ya mikono kuinuka, ombeni karatasi isomwe yote kwa lugha ya mahali pale. Ikichukua siku mbili, ichukue. Ardhi haina haraka.

Turudi kwa mikopo, maana ndipo vikundi vinaumia kila mwaka. Siku hizi milango ni mingi, kuna Mfuko wa Wanawake tangu 2007, kuna Uwezo tangu 2013, kuna Hustler tangu 2022, kuna sacco, kuna wa binafsi. Kila mmoja na karatasi yake. Nitawapa maneno mawili matatu tu.

Kwanza ni riba. Ukiona "flat rate", riba inahesabiwa kwa mkopo wote mpaka mwisho, hata kama umesharudisha nusu. Ukiona "reducing balance", riba inahesabiwa kwa deni lililobaki. Tuchukue mkopo wa shilingi 100,000 wa mwaka mmoja, kwa asilimia 12. Kwa njia ya kwanza mtalipa riba 12,000. Kwa njia ya pili, mkirudisha sehemu sawa ya mkopo kila mwezi, riba yote ni 6,500. Asilimia ni ile ile 12, imeandikwa kwa wino ule ule, na tofauti ni 5,500. Hiyo ni karibu mbuzi mmoja aliyekwenda kwa sababu ya maneno mawili ya Kiingereza.

Halafu kuna "shall" na "may". Ni maneno madogo. La kwanza ni lazima. La pili ni akitaka. Kama karatasi inasema nyinyi "shall" mlipe, na mfadhili "may" alete tangi, basi nyinyi mmefungwa na yeye yuko huru. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kupitia karatasi nzima akiweka alama nyekundu kwa lile na bluu kwa hili. Mkiona nyekundu zote ziko upande wenu, ulizeni.

La tatu si mkopo, ni bima ya mifugo. Ilianza Marsabit mwaka wa 2010 na baadaye ikafika kwetu. Wengi waliposikia bima ya ng'ombe walielewa hivi: ng'ombe wangu akifa nitalipwa. Kumbe kwenye karatasi kuna neno "index", na ndani ya neno hilo ndimo mambo yote yalimo. Maana yake ni kipimo. Setilaiti huko juu inaangalia ukijani wa malisho ya eneo zima. Majani yakipungua chini ya kiwango walichoweka, watu wa eneo wanalipwa, hata yule ambaye hakufiwa na hata ndama. Na ng'ombe wako akifa kwa ugonjwa au kwa simba wakati majani yapo, hulipwi kitu. Si wizi, ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mtu aliyeelewa vingine ataita wizi, na mwaka ujao hatalipia, hata kama ingemfaa. Ilihitaji tu mtu mmoja akae chini na wazee aseme, "Hii hailipi mzoga, inalipa ukame." Maneno matano.

Na mambo yakiwekwa kwa lugha ya watu yanakwenda. Angalieni M-Pesa. Ilianza 2007, na kwenye simu unaweza kuchagua Kiswahili. Mama ambaye hakuingia darasani hata siku moja anatuma pesa kwa mtoto aliye Nairobi na hakosei namba. Hakuna aliyemwambia asome Kiingereza kwanza.

Kwa hiyo, karatasi ikifika, tufanye nini? Mimi nitawaambia tunavyofanya katika vikundi ninavyosaidia. Hatusaini siku hiyo hiyo. Mgeni akisema ni leo au basi, tunamwambia basi. Tunabaki na nakala. Msomaji wa kwanza anaisoma na kuitafsiri kifungu kwa kifungu, na mtu wa pili, ambaye hakuwa pale, anaitafsiri tena kivyake. Pale ambapo hao wawili wametofautiana, hapo ndipo pa kuuliza. Kisha, na hili ndilo la maana, tunamwita mwanachama asiyejua kusoma, tunamwambia, "Mama, hebu tueleze tumekubali nini." Akieleza sawa, tumeelewa. Akisema mtashirikiana vizuri, tunarudi ukurasa wa kwanza.

Maneno yaliyotushinda tunayaandika pembeni, tunayapeleka kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, au kwa wakili kama kuna anayesaidia bure, au kwa yule yule aliyeleta karatasi ajibu mbele ya watu wote. Majibu yake yanaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano naye anatia sahihi. Mtu wa kweli hakatai. Anayekasirika kwa kuulizwa maana ya neno lake mwenyewe, mimi humtafutia kikombe cha chai na kumwonyesha njia.

Na katiba ya kikundi, jamani. Vikundi vinasajiliwa kwa sheria ya mwaka wa 2022 ya vikundi vya jamii, na lazima viwe na katiba. Nimeona nyingi hapa Isiolo. Nyingi zimenakiliwa kutoka kwa kikundi kingine, Kiingereza kirefu, wengine wamesahau hata kubadilisha jina. Nilikuta kikundi cha wafuga kuku ambacho katiba yake inazungumza juu ya mashua. Mwekahazina alipokula pesa, hakuna aliyejua kifungu cha kumwondoa, kwa sababu hakuna aliyeisoma. Andikeni kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, kisha mkitaka mtu aitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili, sawa. Lakini muandike ndani kwamba kukiwa na ubishi, ile ya Kiswahili ndiyo inayoshika.

Mzee mmoja ananiuliza juu ya watoto. Anasema, "Mwalimu, mjukuu wangu analipiwa shule ya Kiingereza tangu chekechea, sasa haongei na mimi." Mzee, hilo ni gumu, na sitakudanganya kwamba nina dawa. Mpango wa serikali kwa miaka mingi umekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali, na Kiingereza kifuate. Hapa mjini watoto wamechanganyika, Mborana, Mturkana, Mmeru, Msomali, Msamburu, basi Kiswahili kinaingia, na wazazi wengi wanataka Kiingereza kuanzia siku ya kwanza kwa sababu wanaona ndipo kazi ilipo. Siwalaumu, hata mimi wangu nilifanya hivyo. Ninachojua kutoka darasani ni hiki: mtoto aliyejua kueleza jambo vizuri kwa lugha ya nyumbani, Kiingereza kilimwingia upesi. Yule aliyenyamazishwa kwanza, alinyamaza kwa lugha zote. Wewe mzee, endelea kumsemesha kwa lugha yako hata akikujibu kwa Kiingereza. Mtume akuitie ng'ombe kwa majina yao.

Vijana mliosoma, nina neno kwenu kabla ya kukaa. Kikundi kikikuita usome, hujaitwa uonyeshe umesoma kiasi gani. Umeitwa kama mtu mwenye tochi usiku. Pale tochi haifiki, waambie watu haifiki, wasimame.

Sasa naona chai imefika. Lakini msitawanyike. Kuna mama hapa amekuja na karatasi ya kurasa sita, ameibeba kwenye mfuko wa plastiki wa unga tangu wiki iliyopita, wameambiwa wasaini Ijumaa. Hawajasaini. Baada ya chai tutaisoma wote hapa chini ya mti. Kijana huyu ataisoma kwa Kiingereza, mimi nitaiweka kwa Kiswahili, mzee ataigeuza kwa Kiborana na dada yetu kwa Kiturkana. Nikifika kwa neno nisilolijua, nitawaambia silijui.